Oili ya Mei, Oili ya Oktoba

Kuikkasaari, 24 Septemba 1989

Shemeji Aulis,

Salamu kutoka kisiwani. Mimi ni mzima, goti ndilo bovu, lakini goti halikuanza leo. Viazi nimeshachimba vyote. Samaki wa chumvi wamejaa pipa na sijui nani atawala, maana mkono wangu bado unatengeneza chakula cha watu wawili.

Kahawa uliyotuma baada ya mazishi imefika, asante. Ni nyepesi kama kahawa zote za huko Uswidi. Nikaongeza kijiko, ikanyweka.

Sasa habari yenyewe. Raija alikuja wiki iliyopita kutoka Lahti na picha za nyumba. Ghorofa ya nne, lifti, roshani inayotazama maegesho ya magari. Nikamwambia nzuri, nani anahamia? Akaanza kulia. Anasema tangu baba yake aanguke gatini na kutuacha mwezi wa nane hapati usingizi, kila akifumba macho ananiona mimi katikati ya ziwa na injini imezima. Siwezi kusema hana sababu. Boti ile ina umri kumzidi yeye.

Mwisho tukakubaliana. Msimu wa baridi nabaki, kwa sababu barafu ikishakaa hata mtoto anatembea hadi dukani. Lakini barafu ikiyeyuka, boti ndiyo miguu yangu. Kwa hiyo Mei utakuja kama unavyokuja kila mwaka, utaikagua injini na jinsi ninavyoitunza, na neno lako litakuwa la mwisho. Ukisema inafaa, nabaki nyumbani kwangu. Ukisema haifai, nahamia kwenye lifti.

Nimekubali kwa sababu humpendelei mtu. Wewe ndiye uliyemwambia marehemu mama yako, siku yake ya kuzaliwa, tena mbele ya mchungaji, kwamba sosi yake ina mabonge.

Ensio wa ng'ambo ya ghuba atakuja na trekta katikati ya Oktoba kuipandisha boti bandani. Maji ya kupozea injini nitayatoa mwenyewe, hilo nalijua. Oili nitabadilisha Mei, kama marehemu Reino alivyofanya siku zote. Usianze.

Taimi


Eskilstuna, 3 Oktoba 1989

Shemeji Taimi,

Umeniambia nisianze, basi naanza.

Nimebishana na kaka yangu juu ya oili hiyo kila Mei, yeye ndani ya boti, mimi gatini, na wewe dirishani ukitucheka. "Oili mpya kwa kiangazi kipya," ndio ulikuwa wimbo wake, kama vile injini inakwenda kanisani. Alikuwa mkubwa wangu na nilimheshimu, lakini mkubwa naye hukosea.

Sikiliza. Safari zako ni fupi: dukani na kurudi. Injini haijapata moto sawasawa umeshaizima. Petroli isiyoungua inachuruzika kwenye oili, na maji pia, kwa sababu chuma kikipoa kinatoa jasho. Changanya na masizi, unapata asidi. Kiangazi haina neno kubwa maana mambo yanazunguka. Lakini ukiilaza hivyo toka Oktoba hadi Mei, uchafu ule unakaa juu ya beringi, unakula taratibu, hakuna anayesikia. Wewe unayeingia sauna kila Jumamosi hata ukiwa na homa, ungekubali kulala baridi nzima bila kuoga?

Fanya hivi. Siku ya kupandisha boti, iache injini iungurume gatini mpaka ipate joto, maana oili ya moto ni nyepesi na inatoka na uchafu wake. Zima. Chomoa kijiti cha kupimia, ingiza mpira wa pampu ya mkono kwenye tundu lake, vuta mpaka pampu ikohoe hewa. Badilisha chujio. Jaza oili mpya. Washa tena dakika chache tu, oili safi ipite kila mahali na kuvivisha vyuma nguo yao ya baridi. Kisha toa maji, na mwite Ensio. Mwezi wa tano unaiteremsha na kuondoka. Ndiyo kazi yote.

Raija ameniandikia pia. Nimemjibu kwamba nitasema nitakachokiona, sitaongeza wala sitapunguza. Kwa hiyo, shemeji, usiniweke pabaya.

Aulis


Kuikkasaari, 15 Oktoba 1989

Mwanangu Raija,

Isome hii ukiwa umekaa, na ukishamaliza usimwambie baba yako mdogo hata neno. Naandika kwa sababu kwenye simu, unavyonijua, huwa nasema ehe, ehe, halafu nakata.

Jana tumepandisha boti. Niliiwasha nikaileta mpaka pale kwenye reli za kupandishia boti, Ensio ananingoja na trekta. Unamfahamu Ensio, ukimuuliza saa anafikiri kwanza. Akasimama tu, mikono mitupu, ananitazama. Nikamwambia, "Haya, funga mnyororo." Akasema, "Kopo liko wapi?"

"Kopo gani?"

"La oili. Reino huwa ananipa nishike."

Nikamwambia Reino hubadilisha oili Mei, dunia nzima inajua. Ensio akawa mwekundu mpaka masikioni. Akatazama ziwa, akatazama trekta, akatazama buti zake. Nikasema, "Ensio, goti linaniuma na kahawa inapoa, sema."

Basi akasema. Kila Oktoba, miaka na miaka, baba yako alikuwa anabadilisha oili palepale, injini ikiwa ya moto, kama Aulis anavyotaka, hatua kwa hatua. Na kila Mei, Aulis akishakaa gatini na kikombe chake, baba yako anaingia botini na pampu, anavuta oili ile safi iliyokaa tu bandani bila kufanya kazi, anapiga kelele "Nyeusi kama lami!" na kukimbia na kopo nyuma ya banda kabla mtu hajaliona. Halafu anaweka nyingine. Ile aliyoivuta anaitilia kwenye msumeno wa injini wa kukatia kuni, kulainisha mnyororo wake.

Raija, mimi nimeisikia hiyo "nyeusi kama lami" kwa dirisha la jikoni kila mwaka. Na siku zote nilijiuliza, mtu anayenyoosha misumari iliyopinda aitumie tena, mbona msumeno wake unakunywa oili nzuri hivyo?

Nikamuuliza Ensio kwa nini hakuniambia. Akasema, "Aliniapisha nisimwambie Aulis. Kuhusu wewe hakusema kitu. Lakini na wewe hukuuliza."

Nikasema kwa sauti, "Mjinga mkubwa wewe!" Ensio akadhani nimemtukana yeye, ikabidi nimwombe radhi. Nilikasirika kwelikweli. Kunificha mimi! Ningemsaidia kubeba kopo. Halafu nikacheka mpaka nikakaa kwenye reli. Halafu nikalia kidogo, sikufichi.

Kisha nikafanya kazi. Nilikuwa na barua ya Aulis mfukoni, nikaifuata mstari kwa mstari, Ensio akashika kopo kama alivyozoea. Iliyotoka ilikuwa nyeusi kweli, inanuka petroli. Iliyoingia ilikuwa ya rangi ya asali. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi na injini.

Lakini Aulis asijue. Baba yako aliitunza siri yake kwa nguvu zote hizo kwa sababu hakutaka mdogo wake aseme "nilikuambia." Sasa yuko chini ya mti wa birchi makaburini, hawezi kujibu. Mimi ndiye mdomo wake. Nikikiri nimebadilisha Oktoba, nitakuwa nimempa Aulis ushindi juu ya kaburi ambalo nyasi hazijaota.

Mama


Kuikkasaari, 16 Oktoba 1989

Shemeji Aulis,

Boti iko bandani. Maji nimetoa. Ushauri wako nimeusoma, ni mrefu. Oili haitaguswa hadi Mei, kama alivyokuwa anafanya mwenye boti.

Ziwa limeanza kuvuta ukungu asubuhi. Barafu mbovu ikija, posta haitavuka kwa boti wala kwa miguu, kwa hiyo ukikaa bila barua usinifanyie mazishi.

Taimi


Eskilstuna, 2 Desemba 1989

Mpendwa Raija,

Nimekawia kukujibu kwa sababu nilikuwa nasubiri hasira zipoe. Mama yako hakubadilisha oili. Nilimwandikia kila kitu, hata jinsi ya kushika pampu, na akanijibu kwa mistari mitatu.

Uliniuliza ikiwa msimu mmoja wa baridi unaweza kuua injini. Haupaswi kuiua. Ikiwa desturi ya kila mwaka, ndiyo. Lakini hukuniomba nipime injini peke yake. Uliniomba nikuambie kama mama yako anaweza kuitunza boti peke yake pale. Mtu anayeambiwa vizuri, kwa kirefu, kisha anaacha uchafu ulale kwenye injini kwa ubishi tu, nitasemaje anaweza? Nikikuta hali hiyo Mei, nitasema hapana. Itaniuma, lakini nitasema.

Sasa nakupa jambo ambalo sijampa mtu. Usimwambie mama yako, nakuomba sana.

Baba yako alikuwa anabadilisha oili vuli. Nilijua. Mwaka mmoja alipokuwa anakimbia na lile kopo, tone likadondoka kwenye kisahani changu cha kahawa. Lilikuwa la manjano, kama asali. Nikalinusa: halina petroli, linanuka duka. Raija, nilifanya kazi gereji tangu nikiwa kijana, siwezi kudanganywa na tone la oili. Nikafuta kisahani kwa kidole, nikamuuliza, "Vipi kaka, chafu?" Akajibu kutoka nyuma ya banda, "Nyeusi kama lami!" Nikasema, "Si nilikuambia ubadilishe vuli." Akasema, "Kunywa kahawa yako, wewe."

Tangu hapo tulifanya hivyo kila mwaka. Tangu utotoni, kaka yangu hakuwahi kuniambia "umesema kweli." Hata mara moja. Lakini alinisikiliza, na kila Oktoba alikuwa anafanya nililosema. Ilinitosha. Ningefunua siri ile ningeipoteza. Nilimpenda sana, na ile ndiyo njia tuliyokuwa nayo.

Mama yako anaamini mumewe aliishi na kufa na oili ya Mei. Sitaki mimi ndiye nimwambie kwamba mumewe alikuwa anaigiza. Kwa hiyo nabaki kubishana na mjane kwa kanuni za ufundi, na yeye hasikii. Sijui nifanye nini zaidi.

Baba yako mdogo, Aulis


Lahti, 14 Januari 1990

Mama,

Nimefurahi barafu imeshika na Ensio anakuletea posta kwa kigari cha kutelezea barafuni. Kalenda ya mwaka mpya nimekutumia na soksi, usizihifadhi kabatini, zivae.

Nakuandikia jambo moja tu. Baba Mdogo Aulis anaamini oili chafu imelala kwenye injini. Amenieleza waziwazi kwamba akiikuta hivyo Mei, atasema huwezi kuitunza boti. Na wewe ndiye uliyekubali neno lake liwe la mwisho. Unaelewa unachofanya? Unakaribia kupoteza nyumba kwa kosa ambalo hukulifanya.

Nitakuambia ukweli wangu pia. Nataka uje Lahti. Chumba cha nyuma nimeshakipaka rangi, ile ya kijani unayoipenda. Nikinyamaza tu, Mei utakuja, na mimi nitalala usingizi. Wiki tatu nimekaa nikijiambia ninyamaze. Lakini sitaki kukupata namna hiyo, halafu kila asubuhi nikutazame ukiangalia magari pale chini.

Mwandikie. Sentensi moja inatosha: nilibadilisha Oktoba. Kuna mambo mengine ambayo siruhusiwi kuyasema, nimeapishwa huku na huku mpaka nimekuwa kama sanduku la posta. Ila niamini, ukimwambia, hakuna atakayeaibika kama unavyodhani.

Raija


Kuikkasaari, 4 Februari 1990

Mwanangu Raija,

Soksi nimezivaa. Zinabana kidogo kwenye kifundo, lakini nzuri.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umenilea vizuri, utafikiri wewe ndiye mama. Ulikuwa na njia rahisi ya kunipata na umeikataa. Sitalisahau hilo.

Lakini hapana. Nimejaribu. Nilichukua karatasi nikaandika "Shemeji, nilibadilisha," kalamu ikagoma. Nilimwona Aulis kule Eskilstuna akisoma, anacheka, anasema kwa nafsi yake, hata Taimi mwenyewe ameona Reino alikosea. Na Reino hakukosea, ndicho kinachonichoma! Alifanya sawasawa kabisa. Siwezi kumtetea bila kumuumbua, wala kumnyamazia bila kuonekana mjinga. Basi acha nionekane mjinga mimi, nipo hai, navumilia.

Mpango wangu ni huu. Mei nitaivuta oili mwenyewe Aulis akiwa na kikombe chake, nitapiga kelele kama baba yako, nitakwenda nyuma ya banda. Halafu nitamwita aje asikilize injini. Mtu wa huku hagusi injini ya mwenzake bila kuitwa, kwa hiyo mpaka nimwite kila kitu kitakuwa mahali pake. Akiisikia inavyounguruma labda atalegea. Asipolegea, rangi ya kijani umeshapaka.

Usiku nasikia barafu inapasuka toka ghuba mpaka ghuba. Baba yako alikuwa akiisikia anasema, "Ziwa linajigeuza kitandani." Nalisema mwenyewe sasa, chumba kikiwa kitupu. Nampenda bado, na namkasirikia bado.

Mama


Eskilstuna, 28 Aprili 1990

Shemeji Taimi,

Nimekata tikiti ya meli. Nitafika kwako tarehe ishirini na sita Mei, kwa basi la mchana, Ensio anivushe. Nakuletea kahawa, na safari hii nimenunua ile nyeusi usije ukanisema tena.

Sijawahi kuiogopa safari ya nyumbani, lakini hii naiogopa. Kwanza gati bila Reino. Pili wewe unajua ni nini. Nimelala nikaota beringi zenye kutu, unaweza kucheka.

Nakuuliza mara ya mwisho, kama shemeji kwa shemeji. Uliiacha kweli ile oili? Kama uliibadilisha na umenificha kwa kunikomoa tu, niambie sasa, sitakucheka. Nitafurahi.

Aulis


Kuikkasaari, 6 Mei 1990

Shemeji Aulis,

Barafu imeondoka juzi. Chumba cha juu nimekitandika. Samaki wa chumvi bado wapo, wewe ndiye utakayewamaliza.

Oili ni ya Reino. Nimeshasema.

Taimi


Kuikkasaari, 27 Mei 1990

Mpendwa Raija,

Naandikia kwenye meza ya jikoni, mama yako yuko sauna anachochea moto. Uliniomba neno langu, hili hapa.

Jana tuliiteremsha boti. Injini iliwaka kwa mzunguko wa pili wa mkono. Nikaisikiliza nikiwa gatini, kisha nikaitwa nikaingia, nikaisikiliza kwa kijiti cha mbao nikikishikiza kwenye chuma na kwenye mfupa wa sikio, kama ninavyofanya siku zote. Hakuna kinachogonga. Maji yanazunguka. Mama yako akatupeleka mpaka dukani na kurudi, upepo ukiwa wa ubavuni, akafunga kamba gatini bila kunitazama. Goti ni bovu, nimemwambia Ensio apigilie kipandio pale gatini, na kengele ya kumwitia tutaifunga kesho.

Mama yako anaijua boti yake na anaitunza inavyotakiwa. Abaki. Najua si jibu ulilolitaka, mwanangu, na najua umepaka chumba rangi. Njoo kwenye moto mkubwa wa sikukuu ya Yohana mwezi ujao ujionee mwenyewe.

Kuhusu oili sina la kuongeza. Nilishika kopo. Jana nimesema uongo wa maneno matatu, na siutubu.

Aulis


Kuikkasaari, 3 Juni 1990

Shemeji Aulis,

Umeondoka jana tu na tayari nakuandikia, ujue ni jambo zito. Sikuweza kulisema ukiwa hapa. Kila nikifungua mdomo nilikuwa nakuuliza kama unataka mkate.

Nilikuwa nimepanga kila kitu. Wewe gatini na kikombe, mimi botini na pampu, nivute, nipige kelele, niende na kopo nyuma ya banda. Kuvuta nilivuta. Halafu nikasimama na kopo limejaa, mguu mmoja botini, mmoja gatini, na goti likasema mimi siendi. Nikabaki hapo kama mbuzi kwenye ukingo. Ukaweka kikombe chini, ukaja, ukanipokea kopo mikononi.

Jua lilikuwa linapiga moja kwa moja humo ndani. Ungeweza kusoma gazeti kupitia ile oili. Nikasema moyoni, basi, Reino, nimekuangusha.

Wewe ukalitazama kopo. Ukalitazama muda mrefu, Aulis. Ukasema, polepole, "Nyeusi kama lami." Ukalipeleka nyuma ya banda.

Hukuuliza ni wapi. Ulikwenda moja kwa moja pale msumeno ulipo.

Nilikaa botini nikashika usukani, ingawa boti imefungwa. Ndipo nilipoelewa. Ulijua. Sijui tangu lini, lakini ulijua, na ulimwachia kila Mei, yeye akidhani anakudanganya. Na mimi nimetetea siri msimu mzima kwa mtu anayeijua kuliko mimi. Loo, jamani! Raija naye alijua pande zote mbili. Nimempigia simu jana jioni, tumecheka mpaka yeye akalia. Anakuja kwenye moto wa sikukuu. Anasema atakipaka chumba rangi upya, aweke mashine ya kushonea.

Sasa nisikilize. Reino hakuwahi kukuambia, na alipaswa kukuambia. Nakuambia kwa niaba yake, na akikasirika tutayamaliza tukionana: ulisema kweli, Aulis. Oili hubadilishwa vuli. Alikusikiliza tangu zamani, na alikuheshimu kuliko alivyojua kuonyesha.

Hii "nyeusi kama lami" tuizike. Inamaliza oili safi bure na msumeno umeshiba. Siku ya kupandisha boti nitahitaji mtu wa kushika kopo. Ensio anatetemeka siku hizi. Njoo Oktoba.

Taimi


Eskilstuna, 12 Juni 1990

Shemeji Taimi,

Barua yako niliisomea kwenye ngazi, sikufika hata mlangoni. Nimekaa pale mpaka jirani akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, kaka yangu ameniandikia.

Oktoba nakuja. Injini iwe ya moto.

Na Mei nitakuja pia. Nitakaa gatini na kikombe changu, nawe ukae na chako. Hakutakuwa na kazi ya kufanya.

Aulis